Baiskeli iliyoibiwa Louisville, na pigano la Kinshasa

Wazee wetu wengi wanakumbuka tarehe 30 Oktoba 1974. Kabla jua halijatoka, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8, kwenye uwanja wa 20 Mai kule Kinshasa, ule ambao leo tunauita Tata Raphaël. Inchi nzima ilimshangilia. Lakini wachache walijua kwamba mtu wa kwanza kumfundisha ngumi alikuwa polisi.

Ilikuwa Oktoba 1954, mji wa Louisville, Marekani. Ali aliitwa bado Cassius Clay, mtoto wa miaka 12. Baiskeli yake mpya iliibiwa nje ya jumba moja lililokuwa na maonyesho. Akalia kwa hasira, akisema akimkamata mwizi atamchapa. Watu wakamwambia: polisi yuko humu humu, katika chumba cha chini. Polisi huyo, Joe Martin, hakumfukuza wala kumtisha na kasho. Alimwuliza kama anajua kupigana, akamshauri ajifunze kwanza. Kumbe baada ya kazi alikuwa akifundisha watoto ngumi mle chini, weusi na weupe pamoja, wakati ambapo mji ule ulikuwa unawatenganisha karibu kila mahali. Baiskeli haikuonekana tena.

Wazo hilo lilikuwa na umri wa miaka 40. Mwaka 1914, New York, mkubwa wa polisi Arthur Woods aliona watoto wa mitaa ya masikini wakipata matatizo na polisi kwa sababu tu ya kucheza barabarani. Wengi walikuwa wa familia zilizokimbia mateso Ulaya, zikibanana watu wengi katika chumba kimoja. Ninyi wazazi mulioko kambini mutaelewa haraka: mtoto atacheza wapi? Polisi walitafuta viwanja vitupu na kufunga barabara fulani kwa magari ili watoto wacheze. Mwaka 1918 mkubwa wa polisi wa Norwich, Uingereza, akafungua klabu ya wavulana, na Sydney, Australia, ikafuata mwaka 1937.

Tusimsifu polisi peke yake. Mtaani kwa weusi wa Louisville kulikuwa na mwalimu mwingine, Fred Stoner, na Ali alisema baadaye kwamba ufundi mwingi aliupata kwake. Bibi Christine, mke wa Martin, ndiye aliyewasafirisha vijana kwa gari kwenda kwenye mashindano. Mikahawa ya njiani ilikataa weusi, basi aliingia peke yake kununua chakula, na wote wakala ndani ya gari. Klabu haikuondoa ubaguzi ule. Ilimpa mtoto mahali pa kwenda jioni na mtu mzima anayejua jina lake. Mwaka 1960 mtoto huyo akaleta dhahabu kutoka Roma.

Na Foreman je? Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyokuwa akiwanyang'anya watu pesa katika mitaa ya Houston alipokuwa kijana. Aliyemtoa huko si polisi, bali programu ya serikali ya kufundisha vijana kazi, aliyoingia mwaka 1965. Mwaka 1984 akafungua kituo chake cha vijana kule kule Houston. Kwa hiyo usiku ule Kinshasa ilipokea vijana wawili ambao mtu fulani hakuwakatia tamaa.

Miaka 39 ikapita. Novemba 2013, katika mji huo huo, polisi walianzisha operesheni dhidi ya vijana wanaoitwa kuluna. Ni kweli kuluna walikuwa wakikata raia na mapanga, na watu walichoka. Operesheni iliitwa Likofi, maana yake kwa Kilingala ni ngumi. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu vijana na watoto wasiopungua 51 waliouawa na 33 waliopotea, wengine wakichukuliwa usiku nyumbani, mbele ya jamaa zao. Sheria ya Kongo ya kumkinga mtoto, nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ilikuwa imekwisha kutimiza karibu miaka 5.