Antena moja, kazi mbili: kutoka Mambrui hadi mnara wa simu

Leo tuache programu kando kidogo, tuzungumzie antena. Hapa Gataka mnara wa simu tunaujua kwa kazi moja: kupitisha mazungumzo na intaneti. Wahandisi sasa wanataka mnara huohuo uwe pia rada. Wazo lenyewe si geni, na historia yake ina somo.

Rada na redio ni ndugu wa tumbo moja. Redio hutuma mawimbi yenye ujumbe ili mwingine aupokee. Rada hutuma mawimbi, husikiliza mwangwi wake, kisha hupima muda uliopita ili kujua kitu kiko umbali gani.

Undugu huo ulifika pwani yetu mapema. Tarehe 16 Desemba 1939, Basil Schonland na wenzake wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, walipata mwangwi wao wa kwanza kwa mtambo waliouunda kwa vipuri vya kawaida vya redio. Mwaka 1940 rada ya aina hiyo ilikuwa Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ikivizia ndege za Waitalia.

Vipuri vilikuwa vya redio, lakini kazi ilikuwa moja tu: kuona. Kazi zote mbili tunazikuta katika Space Shuttle, vyombo vya anga vya NASA. Ili kuokoa uzito na nafasi, kila chombo kilikuwa na dishi moja, upana wake karibu sentimita 91. Kikikaribia kituo cha anga, dishi lilikuwa rada. Wakati mwingine lilirusha picha na data duniani kupitia setilaiti. Yote mawili kwa pamoja halikuweza. Sisi waandishi wa programu tunalijua hilo: programu mbili zikigombea faili moja, moja husubiri.

Aprili 2010, katika safari ya STS-131, dishi la Discovery liligoma. Rada ikapotea, na njia ya kurusha video ikapotea nayo. Wanaanga walifika kituoni salama kwa sababu walikuwa wamefanya mazoezi ya kukikaribia bila rada. Video za ukaguzi wa ngao ya joto zilisubiri hadi chombo kilipotia nanga, zikatumwa kupitia kituo.

Mwaka 2023 shirika la ITU liliorodhesha muungano wa mawasiliano na kuhisi mazingira kati ya matumizi sita ya 6G. Safari hii wimbi lililobeba ujumbe wako ndilo hilohilo ambalo mwangwi wake utapimwa, bila zamu.

Ni akiba kubwa ya masafa, umeme na vyuma. Lakini ukiunganisha kazi, umeunganisha na hasara. Leo mnara ukizimika, tunakosa mtandao. Kesho, ikiwa mnara huo ndio utakaoangalia magari barabarani au droni angani, tutakosa na macho. Discovery ilikuwa na njia ya pili. Ndugu msomaji, kabla ya kuusifu mnara wenye kazi mbili, uliza: ya kwetu iko wapi?