Bildi ya Songo Songo

Nahodha anayeingia maji asiyoyajua hushusha bildi. Kipande cha risasi hufungwa kwenye kamba na kuzamishwa mpaka kiguse chini. Manahodha wa zamani walikipaka mafuta kitakoni, ili kikipandishwa kije na alama ya mchanga, tope au matumbawe. Kamba inataja kina, mafuta yanataja kilichopo chini.

Mwaka 1974, katika kisiwa cha Songo Songo wilayani Kilwa, watu wa kampuni ya Kiitaliano ya AGIP walikuwa na shida hiyohiyo ya nahodha, ila maji yao yalikuwa mawe. Walikuwa wakichoronga kufuata miamba ya mchanga iliyolala zaidi ya kilomita moja na nusu chini, miamba ya zama zinazokaribiana na zile za dinosaria wakubwa wa Tendaguru, huko Lindi. Shimo peke yake halisemi kitu. Mwamba wa mchanga una vitundu vidogo mno, na vitundu hivyo vinaweza kujaa maji ya chumvi, mafuta au gesi. Mtu aliyesimama juu ataonaje?

Uchorongaji wa gesi una bildi yake. Ni bomba refu la chuma linaloshushwa kisimani kwa waya, likipandishwa polepole huku likipima mwamba mita kwa mita. Katika aina moja ya chombo hicho, iliyo ya kawaida katika kazi hii tangu miaka ya 1970, ndani yake mna kidonge cha chuma cha pua kilichofungwa kwa kulehemiwa. Kidonge kina mchanganyiko wa vitu viwili. Cha kwanza ni beriliamu, metali nyepesi inayochimbwa ardhini kama madini mengine. Cha pili ni amerisiamu, na hiyo haina mgodi popote duniani. Kila gramu yake imetengenezwa na binadamu.

Amerisiamu ilianzia Chicago, katika maabara ya siri iliyoitwa Maabara ya Metali, jina lililochaguliwa ili mpita njia asiulize zaidi. Ilikuwa vita kuu ya pili, na Marekani ilikuwa mbioni kutengeneza bomu la atomiki. Glenn Seaborg, mwanakemia aliyekuwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu, alishughulika na plutoniamu, elementi ya 94, ambayo yeye na wenzake walikuwa wameipata California miaka michache kabla. Mwaka 1944 yeye, Ralph James, Leon Morgan na Albert Ghiorso waliichukua plutoniamu hiyo na kuifanyia jambo ambalo ukilieleza linasikika jepesi: waliilisha nyutroni. Kiini cha plutoniamu-239 kikimeza nyutroni moja kinakuwa 240, kikimeza ya pili kinakuwa 241. Plutoniamu-241 haina utulivu. Kiini chake hutoa elektroni, na nyutroni moja ndani yake hugeuka protoni. Protoni zikawa 95. Elementi mpya imezaliwa.

Kuizaa kulikuwa nusu ya kazi. Kuitenga na ndugu yake, elementi ya 96, kuliwatoa jasho kiasi kwamba wanamaabara walizipa majina ya utani yenye maana ya ghasia za mashetani na kuweweseka. Baadaye ya 96 ikaitwa kuriamu, kwa heshima ya Marie na Pierre Curie, na ya 95 ikaitwa amerisiamu kwa jina la bara la Amerika, kama vile yuropiamu, iliyo mahali sawa na hapo katika safu ya juu yake, ilivyokuwa na jina la Ulaya.

Jina hilo la bara moja halitoshi kueleza ukoo wake. Plutoniamu hutengenezwa kwa urani, na sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa vita ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Mawe ya huko yalikuwa na urani nyingi kupita machimbo yaliyojulikana wakati ule, mengine zaidi ya nusu ya uzito wake. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya migodi ya Union Minière, alikuwa ameshapeleka zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo kwenye ghala la Staten Island, New York. Waliochimba na kuchambua mawe hayo walikuwa Waafrika, na Katanga ni nchi ya Kiswahili. Ndicho kilichosemwa migodini na makambini. Watu walioinua kwa mikono yao kitu kilichobadili dunia walikuwa wanaitana kwa lugha ninayoandikia makala hii. Vitabu vya sayansi vinataja Chicago kila mara. Shinkolobwe hutajwa kwa nadra, na wachimbaji wake kwa nadra zaidi.

   

Siri ya amerisiamu ilitobolewa na watoto. Tarehe 11 Novemba 1945, vita vimekwisha, Seaborg alialikwa kwenye kipindi cha redio cha watoto wenye akili nyepesi. Ilikuwa imepangwa kwamba elementi hizo zitangazwe siku tano baadaye, mbele ya mkutano wa wanakemia. Mtoto mmoja akamwuliza kama kuna elementi nyingine mpya zilizopatikana, ukiacha neptuniamu na plutoniamu. Seaborg akajibu ndiyo: ya 95 na ya 96. Taifa zima likasikia kabla ya wataalamu.

Ikiwa safi, amerisiamu ni metali nyeupe yenye mng'ao wa fedha, nzito kuliko risasi, na hufifia taratibu ikiachwa hewani. Huyeyuka kwenye nyuzi 1,176 za Selsiasi. Thamani yake haiko katika umbo hilo. Iko katika namna inavyokufa. Atomu za amerisiamu-241 hutupa chembe za alfa, na hufanya hivyo kwa mwendo wa subira: ukiwa na fungu lolote, itachukua miaka 432 nusu yake kugeuka neptuniamu, kisha miaka mingine 432 nusu ya kilichobaki. Chukua mfano wa Kilwa: mwaka 1587 Wazimba, wapiganaji kutoka bara, waliivamia Kilwa Kisiwani na kuwaua watu wengi wa mji. Kama siku ile mtu angefukia gramu moja ya amerisiamu chini ya mbuyu, mwaka 2019 angefukua nusu gramu. Kwa mtengeneza vifaa, subira hiyo ni mali, maana chanzo hakiishiwi nguvu mikononi mwa mafundi.

Mnamo 1962 serikali ya Marekani ilianza kuiuza kwa dola 1,500 kwa gramu. Wengi wetu tumelala chini yake bila kujua, kwa sababu vile visahani vyeupe vya kung'amua moshi kwenye dari za hoteli na ofisi, katika aina moja ya zamani, vina chembe ya amerisiamu isiyofika hata sehemu ya milioni ya gramu. Chembe za alfa huifanya hewa iliyo kati ya vibati viwili ipitishe umeme kidogo. Moshi ukiingia, umeme unapungua na kengele inalia.

Kisimani kazi ni nyingine. Chembe ya alfa ikigonga kiini cha beriliamu, nyutroni huchomoka. Ndiyo njia iliyomwonyesha James Chadwick nyutroni mwaka 1932 kule Cambridge, ingawa yeye alitumia poloniamu. Kidonge cha kawaida cha visimani kina gramu tano hivi za amerisiamu, uzito wa kijiko kimoja cha chai cha sukari, na hutoa nyutroni zaidi ya milioni 30 kila sekunde. Hizo hupenya ukuta wa kisima na kuingia mwambani zikienda kasi. Zikigonga atomu nzito hudunda na kuendelea, kama gololi iliyogonga ukuta. Zikigonga haidrojeni, ambayo kiini chake kina uzito sawa na nyutroni, huweza kupoteza nguvu zake zote kwa pigo moja, kama gololi iliyogonga gololi mwenziwe. Kwa hiyo mwambani penye haidrojeni nyingi nyutroni huchoka karibu, na palipo na chache hufika mbali. Vipokezi vilivyo juu kidogo kwenye bomba huhesabu zinazorudi.

Maji yana haidrojeni nyingi, mafuta vilevile. Gesi nayo inayo, lakini molekuli zake zimetawanyika, hivyo katika ujazo uleule haidrojeni ni haba. Mwamba uliojaa gesi huidanganya bildi: nyutroni husema vitundu ni vichache. Chombo cha pili, chenye siziamu-137, hupima uzito wa mwamba kwa mionzi ya gama, nacho husema kinyume, kwamba mwamba ni mwepesi na vitundu ni vingi. Mistari miwili inachorwa kwenye karatasi ndefu. Penye maji inakwenda sambamba. Penye gesi inapishana kama mkasi. Mtaalamu akiuona mkasi huo anajua amefika. Ninaupenda ufundi huu kwa sababu hiyo: ukweli unapatikana pale mashahidi wawili wanapopingana.

Gesi ya Songo Songo ilikuwepo kweli, lakini AGIP haikuiona kuwa ya biashara, ikaondoka. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, lililoundwa mwaka 1969, likaendelea kuchoronga visima vingine. Ukaja mpango wa kiwanda cha mbolea Kilwa, ukakwama. Miaka 30 ilipita tangu kisima cha kwanza, visima vimefungwa na wavuvi wa pweza wakiendelea na kazi yao kandokando. Mwaka 2004 ndipo gesi ilipoanza kutiririka: bomba la inchi 12 chini ya bahari mpaka Somanga Funga, kisha bomba la inchi 16 nchi kavu, zaidi ya kilomita 200, mpaka mitambo ya umeme ya Ubungo, Dar es Salaam. Abiria wa mabasi ya Lindi wanaoshuka Somanga kununua samaki wa kukaanga hawako mbali na njia ya gesi hiyo.

Sasa niseme la hatari, maana wenye pwani wana haki ya kuambiwa kwa lugha yao. Chembe za alfa haziwezi hata kupenya ngozi. Karatasi inazizuia. Lakini vumbi la amerisiamu likivutwa au kumezwa, hukaa kwenye mifupa na ini na kuchoma kwa miaka. Nyutroni zenyewe hazizuiwi vema na risasi. Zinazuiwa na kilicho na haidrojeni: nta, plastiki, maji. Ndiyo maana masanduku ya kubebea vidonge hivi huwa na tabaka nene la plastiki, na ndiyo maana mafundi hukishika kidonge kwa fimbo ndefu, haraka, wengine wakiwa wamekaa mbali. Mwaka 2012 huko Texas kidonge kimoja kilidondoka kutoka kwenye gari barabarani. Kilitafutwa kwa zaidi ya wiki tatu mpaka kilipopatikana, kikiwa kizima.

Tanzania ilianzisha Tume ya Taifa ya Mionzi kwa sheria ya mwaka 1983, na Sheria ya Nguvu za Atomiki Namba 7 ya 2003 ikaweka mahali pake Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC. Kwa mujibu wa sheria hiyo, chanzo cha mionzi hakiingii nchini, hakisafirishwi wala hakitumiki bila kibali cha Tume. Kwa raia wa kawaida wa Kilwa au Lindi kuna alama moja ya kuijua: mapanga matatu meusi yaliyozunguka nukta, juu ya rangi ya njano. Yeyote atakayeiona kwenye chuma kilichookotwa ufukweni au kilicholetwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu asikiguse, asikikate, asogeze watu mbali na kupiga simu polisi.

Kuna jambo moja katika kanuni za visima vya Marekani ambalo limenikaa moyoni. Bomba likikwama chini na kidonge kisipandishike tena, haliachwi hivihivi. Kidonge hufunikwa kwa saruji iliyotiwa rangi nyekundu, ili mchorongaji wa baadaye akiona vumbi jekundu likipanda asimame. Kisha juu ya kisima huwekwa kibao cha kudumu cha chuma, kimechongwa maneno: kilichomo, kina chake, tarehe, na onyo la kutokichimbua.

Kibao kitakaa miaka mingapi? Kilwa ina kipimo chake. Msafiri Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipofukua jumba la Husuni Kubwa, miaka ya mwisho ya 1950 na ya mwanzo ya 1960, alipata maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye jiwe, na jina la sultani huyo likasomeka. Gramu moja ya amerisiamu iliyowekwa siku ya ujio wa Ibn Battuta ingekuwa leo imebaki theluthi. Na jiwe bado linasomeka.

Kidonge kilichotengenezwa mwaka ule gesi ilipowashwa, 2004, kitafika nusu yake mwaka 2436.