Pensheni ya Asiye na Mwajiri

Historia ya pensheni nchini mwetu ni historia ya orodha ya mishahara. Sheria ya mwaka 1964 ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Akiba (NPF): mwajiri na mwajiriwa walichangia, na uzeeni mwanachama akalipwa kwa mkupuo. Sheria ya NSSF ya mwaka 1997 iligeuza akiba hiyo kuwa pensheni, malipo ya kila mwezi hadi kufa, yanayokokotolewa kwa mshahara na miezi ya uchangiaji. Sharti lake ni miezi 180, yaani miaka 15.

Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, ajipimeje kwa kanuni hiyo? Kipato chake hufuata msimu na bei ya soko, si mwisho wa mwezi. Mkewe na wanawe hupalilia na kuvuna bila hati ya malipo; hata baba akijiunga, jasho lao halihesabiki. Kwa mfugaji wa Ngorongoro, pensheni ni ng'ombe, nao ukame mmoja huweza kuifuta.

Mwaka 2018 watumishi wa umma waliunganishwa chini ya PSSSF, NSSF ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri. Mlango umefunguliwa, kizingiti kimebaki. Nashauri mchango wa mavuno uhesabiwe kwa miezi yote ya mwaka, na kila mwanakaya anayefanya kazi asajiliwe kwa jina lake. Vinginevyo tutaendelea kumwita mkulima uti wa mgongo wa taifa, na mgongo huo ukishapinda, tumwachie wanawe.