Usambaaji au usambazaji? Mayai ya nyanya yana jibu

Nikiwa darasa la sita, mtaani Bula Pesa mjini Isiolo, niliharibu mayai kumi na mawili ya nyanya yangu. Kiangazi kilikuwa kikali, nami nikajiambia kwamba mayai yale yaliyokuwa yakiatamiwa yangekauka. Basi nikayapaka mafuta ya kupikia, moja baada ya jingine, nikayarudisha chini ya kuku kwa siri. Siku 21 zikapita, zikafika 25. Nyanya akalipasua moja na uvundo ukatufukuza jikoni. "Viza! Yote viza," akasema. Vifaranga hao ndio waliotarajiwa kuuzwa nipate sare ya shule. Nilivaa kaptura yenye viraka hadi mwaka ukaisha.

Kumbe nilikuwa nimeyaziba. Ganda la yai la kuku lina vinyweleo kama 10,000, vidogo mno kuonekana kwa macho. Mwaka 1863 daktari Mwingereza John Davy aliyaweka mayai majini ndani ya chombo, akaivuta hewa iliyokuwa juu ya maji. Mapovu yakachomoza kwenye ganda. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, katika miaka ya 1970, Hermann Rahn, Amos Ar na Charles Paganelli walikaa Buffalo, jimbo la New York, wakapima kinachoingia na kinachotoka. Yai la gramu 60 huingiza takriban lita 6 za oksijeni hadi kuanguliwa, likatoa lita 4.5 za kaboni dayoksaidi na lita 11 za mvuke wa maji. Mama muuza mayai anayeyatia kwenye beseni la maji aone lipi linaelea hajasoma habari za Rahn, lakini anapima jambo lilo hilo: maji yametoka, hewa imejaa kwenye ncha butu.

Sasa, nani anazisukuma gesi hizo? Hakuna. Kwa muda mwingi wa kuatamiwa, kiinitete hakitumii mapafu, wala hakuna kifua kinachopanda na kushuka. Gesi hutoka zilikojaa zikaelekea zilikopungua, basi. Hata mbuni wa Kisomali, yule mwenye shingo ya kijivu-buluu tunayemwona Buffalo Springs, ambaye ganda la yai lake lina unene wa milimita 2 hivi, hutegemea njia hiyo hiyo.

Hapa ndipo ninapogombana na waandishi wenzangu. Wengi huandika "usambazaji wa gesi". Kitenzi sambaza kina ile z ya kusababisha, na ukikitumia msomaji ana haki ya kuuliza: nani kasambaza? Kaunti husambaza chakula cha msaada. Harufu ya pilau, hata hivyo, husambaa mtaa mzima bila kutumwa na mtu. Gesi za yai ni kama harufu hiyo, kwa hivyo neno ni usambaaji. Hata kusema yai "linapumua" kunanitatiza kidogo, kwa sababu anayepumua anafanya kazi.

Wapo wanaopendelea "difyusheni". Siwakatazi. Ila mtoto wa Isiolo anayeongea Kiborana nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza maabara, ukimpa difyusheni umempa sauti tu. Ukimpa usambaaji, ameshainusa pilau. Ningepewa neno hilo darasa la sita, pengine ningejiuliza mafuta yale yanafunga njia ya nini.

Nilikaa na siri hiyo miaka mingi. Nilipokuwa chuoni nikarudi nyumbani likizo, nikamwungamia nyanya. Hata hakuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchagua.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Lile yai liliniteleza mkononi."