Safu ya Lugha: Kikapu hiki kinashonwa
Nimesoma tangazo la mafunzo ya "kusuka vikapu kwa sindano za msonobari". Jamani, sindano ni ya kushonea! Yale ni majani ya msonobari, marefu na membamba. Wala kikapu hiki hakisukwi. Watu wa kabila la Coushatta huko Louisiana, Marekani, hushika fungu la majani hayo, hulizungusha kama ngata, kisha hushona kila mzunguko kwenye ule wa chini yake kwa uzi wa rafia.

Kusuka ni kupishanisha chane juu na chini, kama bibi zetu wa Pwani wanavyosuka ukili wa miyaa. Kufuma tuwaachie wenye nyuzi, kwa vitambaa na sweta. Na ukili ukishatosha mkeka, bibi huchukua sindano: hapo anashona.