Meza Shirikishi

Meza shirikishi ni meza ya kompyuta ambayo uso wake wa juu ndio skrini, watu kadha wa kadha wakaizunguka na kuitumia kwa wakati mmoja, ama kwa kuigusa kwa vidole, ama kwa kuweka juu yake vitu vya kushikika ambavyo chombo hukitambua kila kimoja na kukipa maana yake. Kompyuta ya kawaida, yenye kibodi moja na kipanya kimoja, ilisanifiwa kwa ajili ya mtu aliyeketi peke yake, na wenziwe wakija kumsaidia hawana budi kusimama nyuma ya mabega yake na kumwelekeza kwa maneno. Meza iliuondoa utawala huo wa mmoja, lakini papo hapo ikaleta masuala ambayo mafundi wa kompyuta hawakuwa wameyazoea, kwani yalihusu zaidi adabu za watu walioshirikiana kitu kuliko umeme na hesabu.

Mwaka 1991 Pierre Wellner, katika maabara ya Xerox mjini Cambridge, Uingereza, alitundika kamera na projekta juu ya dawati, na mtu akionyesha kwa kidole tarakimu zilizochapwa katika karatasi, kompyuta ikazisoma na kuzitia katika kikokotoo kilichomulikwa mezani. Mwaka uliofuata Durrell Bishop, wa Royal College of Art ya London, alisanifu mashine ya simu ambayo kila ujumbe ulioachwa hutoa gololi moja: ukiitia gololi mahali pake husikia maneno, na ukiiweka juu ya simu humpigia aliyekutafuta. Hiroshi Ishii na Brygg Ullmer wa MIT, nchini Marekani, waliikusanya fikira hiyo mwaka 1997 katika makala yaliyodai kwamba habari za kompyuta zapaswa kushikika mkononi, wala si kutazamwa tu nyuma ya kioo.

Kazi iliyoidhihirisha fikira hiyo barabara ni Urp, chombo cha wapangaji wa miji kilichotolewa na John Underkoffler pamoja na Ishii mwaka 1999. Mpangaji huweka mezani vielelezo vya majengo, na projekta ikalichorea kila jengo kivuli chake. Akizungusha mishale ya saa iliyowekwa pembeni, jua la kubuni hupanda na kushuka, vivuli vikarefuka na kufupika. Na akiligusa jengo kwa kijiti maalumu, kuta zake huhesabiwa kuwa za kioo, mng'ao wake ukaangukia barabara ya jirani. Mbele ya meza ya namna hii, mkaazi asiyejua kompyuta na mhandisi aliyebobea wana uwezo ule ule wa kulisogeza jengo, na kila aliyehudhuria huona ni mkono wa nani uliolisogeza. Hapo ndipo ilipo fadhila kubwa ya kitu cha kushikika: hakifichi tendo la mtu, na chaweza kupokezanwa.

Ushirika huo ulifikia ukamilifu wake, kwa maoni ya mwandishi, katika Reactable, ala ya muziki iliyoanza kubuniwa mwaka 2003 katika Universitat Pompeu Fabra mjini Barcelona na Sergi Jordà, Günter Geiger, Martin Kaltenbrunner na Marcos Alonso. Meza yake ni ya duara kwa makusudi, maana duara halina upande wa mbele ambao mkubwa ataukalia na wadogo wakamzunguka. Wapigaji huweka juu yake vipande vidogo: kimoja huzaa sauti, kingine huichuja, kingine hutawala mapigo, vikikaribiana huungana vyenyewe, na baina yao hutokea mstari wa mawimbi unaotetemeka kwa kadiri sauti inavyotetemeka, hata mtazamaji asiyeijua ala hiyo akaona sauti inatoka wapi na inakwenda wapi. Kipande kikizungushwa, sauti hupanda au kushuka. Kidole kikipita kando yake kwa mviringo, sauti hukua au kufifia. Kipande kikiinuliwa mezani, hunyamaza. Chini ya kila kipande imebandikwa alama ya mabaka meusi na meupe, moja ndani ya jingine, na kamera iliyomo ndani ya meza huisoma alama hiyo na kujua kipande ni kipi, kiko wapi na kimeelekea upande gani. Kwa kuwa projekta nayo hutupa picha kutoka huko huko chini, kamera hutegemea mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, ili isiidhanie picha kuwa ni kitu. Programu ya kuzisoma alama hizo, reacTIVision, ilitolewa bure, na wasanifu wengine wakaijengea meza zao. Nayo ala yenyewe ilisikiwa na umati mwaka 2007, mwanamuziki Björk alipoichukua katika safari ya maonyesho yake.

Njia za kuhisi vidole ni nyingi. Jeff Han wa New York University alieleza mwaka 2005 namna ya kuingiza mwanga wa infraredi ukingoni mwa bamba la akriliki, mwanga ukabaki humo ukirudishwa huku na huku hadi kidole kitakapoligusa bamba, ndipo utoke mahali pale na kamera ione doa. Njia hii ilikuwa rahisi mno, wanafunzi wakaweza kujijengea meza. Kasoro yake, na ya meza zote zenye kamera chini, ni kwamba kamera yahitaji nafasi, na nafasi hiyo ndiyo ya magoti ya mkaaji. Meza ya Microsoft iliyoitwa Surface, ya mwaka 2007, yenye kamera 5 tumboni, ilikuwa kama sanduku, na aliyeikalia alilazimika kuinama kwa upande.

Lakini taabu iliyo kubwa zaidi ni ya mipaka. Waliokula sinia moja wanajua kwamba chakula ni cha wote, ilhali mkono hauchoti mbele ya mwenzio, wala hapana aliyewachorea mstari. Stacey Scott na wenziwe, katika utafiti wao wa mwaka 2004 kuhusu watu wanaofanya kazi mezani, waliona kaida kama hiyo: kila mtu hujitengea mbele yake eneo la binafsi, katikati huwa pa wote, na vitu visivyotumika husukumwa kando kuwa akiba, na maeneo haya hupanuka na kusinyaa kadiri kazi inavyoendelea. Msanifu anayezijaza kingo za meza vitufe na orodha, kwa kuwa ndivyo alivyozoea katika kompyuta, humpora mtumiaji eneo lake kabla hajaketi.

Kadhalika mwelekeo wa maandishi. Yaliyo wima kwa mmoja yako juu chini kwa anayemkabili, na wasanifu wa awali walidhani dawa ni kompyuta iigeuze kila hati imwelekee aliye karibu nayo. Utafiti wa mwaka 2003 ulioongozwa na Russell Kruger ulionyesha kwamba watu hawageuzi karatasi kwa ajili ya kusoma tu: anayeivuta na kuielekeza kwake hutangaza kwamba kwa sasa ni yake, na anayeigeuza imwelekee mwenziwe humwita aitazame. Kompyuta inayogeuza hati kwa hiari yake huwanyang'anya watu ishara hiyo, na kwa hiyo heri kuwaachia njia nyepesi ya kuigeuza wenyewe.

Limebaki suala la mwenye mkono. Meza nyingi huona kidole zisijue ni cha nani, hata mmoja akafuta kazi ya mwingine na chombo kisitambue kwamba si mwenyewe. DiamondTouch, iliyobuniwa na Paul Dietz na Darren Leigh katika maabara ya Mitsubishi nchini Marekani mwaka 2001, ilitatua hilo kwa kupitisha ishara hafifu za umeme kutoka mezani, kupitia mwili wa mgusaji, hadi kwenye kiti alichokalia. Kila kiti kikawa na mtu wake. Sharti lake lilikuwa zito, kwani aliyesimama akaacha kiti chake alipoteza utambulisho wake. Skrini bapa za siku hizi zimeziondoa kamera na kuyarudishia magoti nafasi yake, lakini nyingi huhisi vitu vinavyopitisha umeme, kama mwili wa mtu, hivyo kipande cha mti au plastiki kikiwekwa juu yake hazikioni mpaka kitiwe miguu inayopitisha umeme, na mara nyingi mpaka kishikwe na mtu. Na mkono ukizigusa, hauulizwi ni wa nani.