Safu ya Lugha: Ulezi na Matunzo

Mzazi wa Nyeri, Karatina au Nanyuki anayekwenda kortini baada ya kutengana na mwenzake hukutana na maneno mawili yasiyofaa kuchanganywa. Ulezi ni haki na jukumu la kukaa na mtoto na kumsimamia kila siku. Matunzo ni gharama zake: chakula, mavazi, karo, matibabu. Kupewa ulezi hakumwondolei mwenzako wajibu wa matunzo. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inawabebesha baba na mama jukumu sawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 inatanguliza maslahi ya mtoto. Basi usiseme “nimeshinda mtoto”. Sema “nimepewa ulezi”. Mtoto si kombe.